Uso wa Nabiha: Mpako wa Tatu

Mlinilaani, wasomaji wangu, nimesikia. Wiki nzima mmesema mwandishi huyu hana huruma: amemwacha Nabiha usoni ana liwa, ule msandali uliosagwa wa kusafisha ngozi, inamchoma, kisha akaweka kalamu chini akaenda zake kulala. Haya, nimerudi. Nabiha naye yu pale pale mkekani, na liwa bado inawaka.

"Wifi, inachoma," alisema tena, midomo haifunguki vizuri.

"Liwa haichomi," alijibu Hind, mke wa kakake, mikono kiunoni. "Kinachochoma ni hizo chunusi zako. Tulia ikauke. Ukiitoa mbichi ngozi itakuvuka, halafu useme ni mimi."

Aliyejiunga nasi leo ajue hivi. Nabiha binti Abdulkadir ni mwanamke wa miaka thelathini na miwili. Aliachwa na mumewe miaka saba nyuma, akarudi kukaa Kuze katika nyumba ya kakake Gharib, na tangu siku hiyo akawa mpishi, dobi na yaya wa nyumba ile bila ahsante. Kisha mwaka juzi, katika umri ambao wenzake walikuwa wakitafutia binti zao wachumba, chunusi zikamzukia.

Wala hazikuwa vile vipele vya kigori vinavyokuja na kuondoka. Zilikuwa manundu ya kidevuni na tayani, mekundu, yenye mizizi, mengine hayatoi hata usaha, yanauma tu ukilalia shavu. Yakipoa wiki mbili, siku zake za mwezi zikikaribia yanarudi na ndugu zao.

Mji wetu una jibu la kila kitu. Wengine walisema ni hamu ya mume. Wengine wakasema ni damu mbovu. Hind alisema ni roho mbaya, inatafuta pa kutokea, na akamzoeza hata mtoto wake mdogo kumwita shangaziye Stafeli.

Katikati ya maneno hayo Aidarus, karani wa forodhani aliyefiwa na mkewe, akaleta posa. Yeye na Nabiha walisoma chuo kimoja cha Kurani utotoni, na hakutaka mwingine. Mamake, Bi Shekue, alikubali shingo upande na kwa sharti moja: Ijumaa baada ya alasiri atakuja mwenyewe kumwona mchumba dirishani penye mwanga, uso mtupu, bila wanja wala poda. Akiridhika, nikaha ni Jumapili. Asiporidhika, posa inarudi ilikotoka, na Nabiha anarudi jikoni kwa Hind, safari hii mpaka atolewe na jeneza.

Leo ndiyo Ijumaa, na alasiri imeshasaliwa.

Nabiha hakungoja ikauke. Aliruka akakimbilia chooni kwenye birika la kuogea, akatumbukiza kata. Kata ikakwaruza sakafu kavu. Hamna maji!

"Nani aliyemaliza maji?"

"Mimi, da Nabiha. Nimeosha ukumbi kwa ajili ya mgeni."

Aliyejibu ni Badria, mdogo wake Hind, msichana wa miaka kumi na tisa aliyeletwa kutoka Lamu miezi miwili nyuma kusaidia shughuli. Uso wa Badria haukuwa na doa. Watu wakimtazama yeye kisha wakimtazama Nabiha, Hind hufurahi siku nzima.

Nabiha akageukia mtungi. Mtupu. Akautazama mlango wa nje. Kichochoroni wanaume wanatoka msikitini, na yeye hana buibui, uso umejaa liwa. Atoke vipi? Kuze ingesimulia miaka mia.

Akaingia jikoni. Mekoni palikuwa na sufuria kubwa ya tui, tui la kwanza, zito, la wali wa mgeni. Nabiha hakufikiri mara mbili. Akautumbukiza uso wote humo mpaka masikioni.

"Tui langu!" Hind akapiga ukelele. "Nazi sita, mwendawazimu wee! Nazi sita!"

Nabiha akainua kichwa, akavuta pumzi, akazama tena. Moto ukapungua kidogo. Akajifuta kwa ncha ya leso, polepole, akachukua kioo cha mkononi. Chunusi zilikuwapo zote, hata moja haikuhama, ila sasa kila moja ilikuwa imechunika ncha, na ngozi baina yake ilikuwa imeiva kama ya mtu aliyemwagiwa uji wa moto.

Hind alimtazama. Nami sitamtetea: alicheka.

"Haya, bibi arusi. Mwambie Aidarus aoe gizani na taa asiwashe."

Nabiha alikuwa akitazama pengine. Alipokuwa akikimbilia sufuria, tone moja la liwa lilikuwa limemdondoka usoni juu ya jiwe alilosagia manjano ya samaki asubuhi. Liwa ni rangi ya udongo mweupe. Manjano ni manjano. Mbele ya macho yake mahali pale palikuwa pakigeuka pekundu.

Mtu asiyejua jiko asingeelewa. Lakini miaka saba ya kupikia wageni wa Gharib, na kusafisha vyano vyao vya tambuu, majani yanayotafunwa kwa popoo na chokaa, wakishashiba, ilikuwa imemfunza jambo. Manjano yakikutana na chokaa hugeuka mekundu. Hayageuzwi na liwa, wala na marashi, wala na maji ya kisima. Chokaa!

Kumbe mtu ametia chokaa ya tambuu ndani ya liwa yake. Na katika nyumba ile mwenye chano cha tambuu alikuwa mmoja tu.

"Hind," alisema Nabiha taratibu.

"Hodi humu!" ikaita sauti ya mtu mzima kutoka mlangoni. "Hodi wenyewe!"

Bi Shekue amefika.

Hind akajitengeneza ukaya kichwani, akatoka mbio na tabasamu. "Karibu, mama, karibu! Masalkheri. Starehe, pita juu ya zulia. Kwako kwema?"

"Kwema, alhamdulillahi." Bi Shekue aliketi, mwembamba, mikufu miwili shingoni, midomo myekundu kwa tambuu. Hata mto hakuegemea. "Mwanangu Hind, nisogezee chano chako. Kijaluba changu cha chokaa nimekiacha nyumbani, na tambuu bila chokaa ni majani ya mbuzi."

Hind akasogeza chano. Nabiha, nyuma ya mlango wa jikoni, aliyasikia yote, akaitazama ile chokaa ya Hind, nyeupe, laini, imo kwenye kijungu chake. Meno yakamuuma kwa hasira.

"Na huyo tuliyemjia yuwapi?"

Nabiha akatoka. Hakujifunika. Badria, aliyekuwa akitenga vikombe vya kahawa, alimwona akaangusha kijiko.

"Njoo dirishani," alisema Bi Shekue. Akamshika kidevu kwa vidole viwili, akamgeuza huku, akamgeuza kule, sawasawa na mtu anayechagua samaki. Kisha akaanza kuhesabu. "Moja. Mbili. Hii ya tatu imekomaa. Nne, tano, hapa sita na saba zimeungana. Subhanallah! Mwanangu, huu ni uso au ni jeraha?"

Hind akaziba mdomo kwa ukaya.

"Mama, nipe dakika moja," alisema Nabiha. "Kisha useme utakalo."

Akaleta bakuli la liwa na kikopo cha manjano, akaviweka juu ya zulia mbele ya mgeni. Akachovya liwa, akaipaka kwenye kisahani. Akanyunyiza manjano juu yake. Akakoroga kwa ncha ya kidole.

Kisahani kikawa chekundu.

"Mama, watafuna tambuu miaka mingapi? Niambie hii ni nini."

Bi Shekue alikitazama kisahani. Alitafuna tambuu yake muda mrefu kuliko nilivyotegemea mimi mwandishi.

"Ni chokaa," alisema hatimaye.

"Nimepakwa chokaa usoni nusu saa kabla hujaja. Maji ya birika yamemwagwa ili nisinawe. Kuna mtu humu hataki niolewe na mwanao." Nabiha akamgeukia wifi yake. "Kwa sababu nikiondoka, atapika nani?"

"Mimi?" Hind aliruka. "Wallahi mimi hiyo liwa sijaigusa! Nimekucheka, sikatai. Nimekutukana, sikatai. Lakini kusaga, amesaga Badria!"

Badria akawa mdogo kama kikombe alichoshika.

Tazama mtu huyu, Nabiha alifikiri. Yuko tayari kumtosa mdogo wake, tumbo moja, ziwa moja, ili ajiokoe mwenyewe! Msichana anayekohoa akinusa popoo, chokaa ataijulia wapi?

"Badria," alisema Bi Shekue. "Ulisaga wewe?"

"Ndi... ndiyo, mama."

"Ulitia kitu?"

"La, mama. Liwa na marashi tu."

"Basi jambo hili dogo." Bi Shekue akasukuma bakuli kwa kidole kimoja. "Aliyesaga na apakwe. Kama ni safi haitamdhuru. Kama si safi, atasema mwenyewe nani kamtuma. Mpake wewe, Nabiha, uliyedhulumiwa."

Akamtazama Badria jicho kavu, bila kupepesa. Badria akalitazama jicho lile, akameza mate, akakaa chini. Akafumba macho. Hakubisha!

Lo, wasomaji! Hapo Nabiha angeweza kusema basi. Alijua kilichomo bakulini, uso wake wenyewe ulikuwa bado unatokota. Lakini alimtaka Hind. Alitaka Hind aseme kwa kinywa chake mbele ya shahidi, na njia ya kumfikia Hind ilikuwa imekaa mbele yake, imefumba macho.

Akachovya. Akapaka shavu la kushoto, mpako mmoja, mpana.

"Sema, Hind."

"Niseme nini? Nabiha, muogope Mungu, huyo mtoto!"

Vidole vya miguu vya Badria vilianza kukuna mkeka.

Nabiha akachovya tena. Shavu la kulia.

"Sema."

Msichana akauma mdomo. Machozi yakapita katikati ya liwa, yakachimba mifereji miwili. Bado hakusema neno, na Bi Shekue bado alikuwa akimtazama.

"Basi!" Hind akaanguka magotini, akamshika Nabiha miguu. Hind, yule yule wa Stafeli! "Ni mimi! Nimetia mimi, kwa mkono wangu, kwa husuda yangu! Mama, andika, shuhudia, nenda kamwambie Gharib aniache leo leo. Mwacheni mdogo wangu! Nabiha, nakuomba!"

Neno ambalo Nabiha alilingoja miaka saba limesemwa, na kwa magoti. Kilichobaki kilikuwa kuweka bakuli chini na kumnawisha msichana.

Nabiha alitazama chini, akakiona kichwa cha Hind. Akazikumbuka sahani, nguo chafu, usiku wa kulia na shavu linalouma, na mtoto wa miaka minne akikimbia uani akiita Stafeli, Stafeli. Akautazama uso wa Badria uliokuwa haujawahi kuota hata kipele kimoja.

Akachovya mara ya tatu. Akampaka kidevuni, polepole, pale pale penye chunusi zake yeye.

Mpako wa kwanza na wa pili mnaweza kunibishia. Wa tatu haukuwa na sababu. Nabiha mwenyewe alijua, na ulimpendeza.

Badria akapasua mayowe.

"Si dada! Da Hind hajui kitu! Mama, uliniambia ni ya usoni kwake tu! Uliniambia nivumilie, nisiseme hata nikichinjwa, nitaolewa mimi! Sivumilii tena, mama! Sivumilii!"

Na macho yake, yale yaliyoweza kufunguka, yalikuwa kwa Bi Shekue.

Akajinyonganyonga mkekani, na katika pindo la leso yake kitu kikafunguka, kikalia juu ya sakafu. Kijaluba cha fedha, kidogo, kimenakshiwa. Kifuniko kikaachia. Chokaa ikamwagika.

Nacho ndicho kijaluba kilichosahauliwa nyumbani!

Hind hakuuliza la mtu. Alilinyakua bakuli la liwa, akambeba mdogo wake kwapani akamkokota jikoni, na lile tui la nazi sita lililobaki akalimimina lote juu ya uso wake, akilia, akimpuliza, akimwita mama. Ukumbini walibaki wawili.

Bi Shekue aliinama akaokota kijaluba chake. Akachukua jani la tambuu, akalipaka chokaa, akatia popoo, akalikunja vizuri.

"Naam," alisema. "Ni mimi. Mwanangu mwaka huu hasikii la mama wala la mjomba. Kwake ni Nabiha, Nabiha tu. Nikasema basi na amsikie Nabiha, lakini kwanza amjue ana uso gani. Huyu msichana ni mjinga, nilimwahidi akaamini. Ungekuwa wewe ungefanya nini, una mtoto mmoja?"

"Nitamwambia Aidarus," alisema Nabiha. "Leo hii. Nitamwonyesha kijaluba."

"Mwonyeshe. Nami nitamwambia niliyoyaona." Bi Shekue akaitia tambuu shavuni. "Mimi nilitoa chokaa tu, sikumpaka mtu. Nani kampaka yule? Na dada mtu alipopiga magoti akakiri, nani aliongeza? Alilia mtu mmoja hapa leo, mwanangu, na mkono uliomliza si wangu."

Nabiha akautazama mkono wake. Liwa ilikuwa imekaukia kwenye kidole, na kidole kilikuwa kimeanza kuwasha.

"Hodi!"

Ilikuwa sauti ya mwanamume, kutoka dakani, nyuma ya pazia la mlango.

"Mama! Nimekuja kukuchukua. Kuna nini humo? Nani analia?"

"Simama hapo hapo, Aidarus," alisema Bi Shekue, bila kuinua sauti. "Muulize mchumba wako. Yeye ndiye ajuaye."

"Nabiha?" Pazia likatikisika, mtu wa nje amelisogelea. "Nabiha, upo? Mamangu amekufanyia ubaya? Niambie wewe. Utakalosema wewe ndilo nitakaloliamini, wallahi, hata likiwa juu ya mama."

Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka saba mtu kumwambia Nabiha kwamba ataaminiwa.

Alifungua kinywa. Kutoka jikoni Badria alilia mara moja, kilio kidogo, cha pua. Akiusema ukweli wa chokaa, atausema na ukweli wa mpako wa tatu. Aidarus, aliyekuwa akimgawia tende chuoni, atajua anaoa mkono wa namna gani.

"Hakuna ubaya," alisema Nabiha. Akashangaa jinsi ilivyotoka laini. "Ni Badria. Ametia chokaa kwenye liwa yangu, kisha alipoulizwa akajipaka mwenyewe kuonyesha ni safi. Alinitilia mimi, ikamrudia. Husuda ya kitoto tu. Mama hana kosa."

"Maskini," ilisema sauti ya nje. "Nawe, imekudhuru?"

"Kidogo tu."

"Mimi sikuposa ngozi, Nabiha. Jumapili iko pale pale."

Bi Shekue alimtazama mkwewe mpya kwa muda. Hakutazama chunusi hata moja. Kisha akatabasamu, akakunja tambuu ya pili, akaipaka chokaa kwa mkono wake mwenyewe, akamnyoshea.

"Karibu nyumbani, mwanangu," alinong'ona. "Nilidhani hutufai."

Nabiha akaipokea. Akaitia kinywani. Akatafuna.

Hakusikia mlango wa jikoni ukifunguka. Hind alikuwa amesimama pale, kifua kimelowa tui, ukaya umeanguka, nywele wazi. Kwa mkono mmoja alimshika Badria, uso wote umefura, jicho moja limefunga. Kwa mkono wa pili alishika bakuli la liwa.

Alikuwa amesikia kila neno.

Hakumtukana mtu. Aliupita ukumbi, akampita Bi Shekue, akampita Nabiha, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye pazia, kichwa wazi vile vile, mke wa mtu, mbele ya mwanamume asiye wake.

"Wifi!" Nabiha aliinuka. "Wifi Hind, ngoja! Nitakwambia..."

"Aidarus," alisema Hind, "aliyempaka mdogo wangu yu nyuma yangu hapa, na mkono haujanawa."

Akalikamata pazia, akalivuta.